Si Kila Debe Livumalo ni Tupu: Hoja Kuhusu Nyimbo Teule za Depeche Mode

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ingawa methali hii iliwalenga wanadamu wenye maneno mengi na maarifa haba, inafanana mno na hukumu waliyopewa vijana wa Uingereza ambao, mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini, waliweka kando gitaa na ngoma na kuanza kuimba mbele ya vinanda vya elektroni, yaani sinthesaiza. Ilisemwa kwamba vyombo vile vilivuma tu; kwamba mtu abonyezaye kitufe hastahili jina la mwanamuziki; kwamba muziki usiotoka katika mkono wenye kupiga wala pumzi yenye kupuliza hauna roho. Mnamo mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilifikia hatua ya kupitisha azimio la kutaka vinanda hivyo na mashine za ngoma vipigwe marufuku. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kinanda kimoja kiliweza kuiga kundi zima la wapiga fidla, na wapiga fidla hao walikuwa na kodi za nyumba za kulipa na watoto wa kulisha.

Mjadala huo umefufuka katika siku hizi za programu za tarakilishi zinazotunga wimbo mzima, maneno, ala na sauti ya mwimbaji, kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai. Watetezi wa programu hizo hupenda kuukimbilia mfano wa miaka ya themanini. Hata vinanda vya elektroni vilitukanwa, wao husema, na leo nyimbo zake zinaenziwa. Basi wanaolalamika leo nao watanyamaza kesho. Hoja hii inavutia, lakini ina ufa. Makala haya yanauchunguza ufa huo kupitia nyimbo chache bora za kundi moja la wakati ule, Depeche Mode. Yanashikilia kwamba nyimbo hizo hazikudumu kwa sababu zilitengenezwa kwa mashine. Zilidumu kwa sababu kila sauti ya mashine iliyomo ilitafutwa na mtu aliyekuwa na jambo la kusema, na ikapewa kazi katika maana ya wimbo. Pale ambapo sauti haikupewa kazi hiyo, wimbo wenyewe ulipwaya, hata kama uliuzwa sana.

Kwanza, historia kwa muhtasari. Depeche Mode iliundwa mwaka 1980 mjini Basildon, katika jimbo la Essex. Basildon ni miongoni mwa miji mipya iliyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuwapa makao watu wa London. Vijana wanne, Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher na Dave Gahan, walivichagua vinanda vya elektroni kwa sababu za kawaida kabisa: viliweza kubebwa kwapani hadi kwenye garimoshi, na havikumlazimu mtu asomee muziki kwa miaka mingi. Hawakuwa na mpiga ngoma. Jukwaani midundo ilitoka kwenye kinasa sauti kilichowekwa mbele ya macho ya watazamaji bila haya. Albamu yao ya kwanza, "Speak & Spell", ilitolewa mwaka 1981 na kampuni ndogo ya Mute iliyoasisiwa na Daniel Miller. Mwishoni mwa mwaka huohuo Clarke, aliyekuwa mtunzi mkuu, alijiondoa. Jukumu la utunzi likamwangukia Gore, na mwaka 1982 akajiunga nao Alan Wilder, mtu aliyesomea piano na aliyekuwa na sikio kali la kupanga sauti.

Wimbo unaokumbukwa zaidi kutoka enzi ya Clarke ni "Just Can't Get Enough" wa mwaka 1981. Ni wimbo wa mapenzi ya ujana, mwepesi kama kishada, na haufai kudharauliwa kwa wepesi wake. Maneno yanarukaruka na vinanda vinarukaruka. Fani na maudhui vimeshikana mikono. Hata hivyo, hakuna chochote ndani ya sauti ambacho hakimo ndani ya maneno. Msikilizaji akiisha kucheza amekwisha kuelewa.

Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1983. Wakati huo kulikuwa na chombo kipya kilichoitwa Emulator. Chombo hiki kiliweza kunasa sauti yoyote ya duniani, kisha kuipandisha na kuishusha juu ya vitufe vya kinanda kana kwamba ni noti. Vijana hawa, pamoja na Miller na fundi mitambo Gareth Jones, walitoka studioni wakaingia katika maeneo ya ujenzi na viwanja vilivyotelekezwa mashariki mwa London. Waligonga mabomba, wakapiga mabati, wakarekodi milio yake na kurudi nayo kuiunda kuwa muziki. Albamu iliyozaliwa, "Construction Time Again", ilibeba kwenye jalada lake picha ya mtu anayeinua nyundo mbele ya mlima. Hapa pana jambo ambalo mshtaki wa mwaka 1982 hakuliona: mashine iliyodaiwa kumtenga mwanamuziki na dunia ndiyo iliyomtoa nje kwenda kuisikiliza.

Wimbo bora wa albamu hiyo ni "Everything Counts". Ulitoka wakati ambapo Uingereza, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, ilikuwa na zaidi ya watu milioni tatu wasio na kazi, huku ushindani wa kibiashara ukihubiriwa kama fadhila. Wimbo unaikejeli tamaa ya wafanyabiashara: mikono inayoshikana juu ya mkataba, tabasamu linaloficha hesabu, ulafi usiojua kutosheka. Mtu akisoma maneno hayo peke yake ataona kejeli ya kawaida ya kijana mwenye hasira. Asikilizapo, anakutana na jambo lingine. Beti zinaimbwa na Gahan kwa sauti nzito na kavu, kama ya mtu anayesoma masharti ya mkataba. Kibwagizo kinachukuliwa na Gore kwa sauti nyororo inayokaribia wimbo wa kubembelezea mtoto. Ulafi unaimbwa kwa upole. Isitoshe, katikati ya vinanda kunapenya mlio wa zumari na mdundo wa marimba, milio ya gulio la mbali, mahali pa kununua na kuuza. Kinaya cha wimbo huu hakimo katika neno lolote moja. Kimo katika pengo kati ya maneno na namna yanavyopendeza sikioni, kwa maana tamaa nayo hupendeza kabla ya kudhuru.

Kinaya hicho kilipata utimilifu ambao pengine hata mtunzi hakuutarajia. Tarehe 18 Juni 1988 kundi hili lilitumbuiza zaidi ya watu 60,000 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, Marekani, na tukio hilo likaingizwa katika filamu "101" iliyoongozwa na D. A. Pennebaker na wenzake. Wimbo wa kufungia usiku ulikuwa "Everything Counts", na umati uliendelea kukiimba kibwagizo chake hata ala ziliponyamaza. Katika filamu hiyohiyo, mtunza hesabu wa ziara anaonekana akitaja kwa furaha mapato ya usiku huo, yaliyopita dola milioni moja. Yuko mhakiki atakayesema kwamba huu ni unafiki. Huenda ni unafiki kweli. Lakini waliokubali kwamba tukio hilo libaki katika filamu hawakuuficha, na wimbo unaowaumbua hata waimbaji wake una nguvu kuliko ule unaowaumbua watu wengine tu.

Ili kipimo hiki kisionekane kuwa ni cha sifa tupu, hapana budi kukigeuzia wimbo "People Are People" wa mwaka 1984. Huu ndio uliowafungulia milango. Ulishika nafasi ya 4 Uingereza, nafasi ya 13 Marekani, na nafasi ya kwanza Ujerumani Magharibi. Ujumbe wake ni mwema: unashangaa kwa nini wanadamu huchukiana kwa sababu ya rangi na tofauti zao. Vyuma vinagongana ndani yake kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, maneno yamekwisha kusema kila kitu waziwazi, mithili ya hotuba ya mgeni wa heshima, na vyuma havikuachiwa kazi isipokuwa kupamba. Ukiviondoa, maana haipungui, ukiviongeza, haiongezeki. Gore mwenyewe amewahi kukiri hadharani kwamba wimbo huu si miongoni mwa anazozipenda. Ushindi wa sokoni haukumdanganya mtunzi, na haupaswi kumdanganya mhakiki.

Miezi michache baadaye, katika albamu "Some Great Reward", ulitoka wimbo wa namna nyingine kabisa, "Blasphemous Rumours". Unasimulia habari mbili. Msichana wa miaka 16 anajaribu kujiua lakini anapona. Msichana wa miaka 18 anapata imani na kuanza maisha mapya, kisha anagongwa na gari na kuishia kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Nafsineni anajiuliza iwapo Mungu anafanya mzaha na waja wake. Wako waliokerwa na swali hilo, na haki yao ya kukereka haipingwi na yeyote. Hata hivyo, mwenye kusikiliza kwa makini atatambua kwamba wimbo huu haukutungwa na mtu aliyeipuuza dini kutoka mbali. Gore alikuwa amewahi kuhudhuria ibada katika ujana wake, na alikuwa ameona jinsi wagonjwa walivyoombewa na baadhi yao wakafa. Hilo ni lalamiko la mtu aliyekaa ndani ya kanisa, jamaa ya lalamiko la Ayubu.

Sauti za wimbo huu zina kazi. Beti zimejengwa juu ya milio mikavu ya vitu vigumu, ikiwemo ya kugongwa kwa saruji. Ni ulimwengu wa barabara, sakafu na kuta, usiosikia ombi la mtu. Kibwagizo kinafunguka ghafla katika lahani tamu inayoimbika kama tenzi ya kanisani. Utamu huo ndio unaochoma. Mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa nyingi kuonyesha jinsi faraja na ukatili wa maisha unavyoweza kukaa katika chumba kimoja. Wimbo huu unafanya kazi hiyo kwa kugeuza tu aina ya sauti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Stripped" wa mwaka 1986, kutoka albamu "Black Celebration". Nafsineni anamsihi mpenzi wake watoke mjini, waache moshi na televisheni inayowafikiria kwa niaba yao, wakutane wakiwa bila pambo lolote. Ni maudhui ya kale. Washairi wa mataifa mengi wamewahi kuukimbia mji na kuenda msituni. Upya wake umo katika sauti. Mdundo ulio chini ya wimbo ni mngurumo wa pikipiki iliyosimama huku injini ikiwaka, uliopunguzwa kasi hadi ukafanana na pumzi za mnyama mkubwa aliyelala. Pia umo mlio wa gari linalowashwa. Ombi la kuikimbia mashine limekalia mgongo wa mashine. Nafsineni anataka kuondoka, lakini injini inanguruma tangu mwanzo, na hakuna ubeti hata mmoja ambamo msikilizaji anahisi kwamba wawili hao wamefika huko msituni. Maneno yana tumaini. Sauti ina mashaka. Anayeyasoma maneno pekee hupata nusu ya wimbo, na nusu hiyo ndiyo iliyo dhaifu.

Kilele, kwa maoni ya makala haya, ni "Enjoy the Silence", uliotolewa mwezi wa Februari mwaka 1990 na kuingizwa katika albamu "Violator". Maudhui yake ni kwamba maneno hudhuru. Kwamba viapo hutamkwa ili vivunjwe. Kwamba mwenye kumkumbatia ampendaye hana haja ya kusema. Hapa mtunzi amejitega mwenyewe, kwani ataimbaje kwamba maneno hayana kazi bila kutumia maneno? Gore aliutunga kama wimbo wa taratibu, sauti yake na harmoniamu tu. Wilder alipousikia alihisi mdundo wa kasi ndani yake na kupendekeza ugeuzwe. Gore hakukubali mara moja. Wimbo unaosifu utulivu, aliona, haufai kukimbia. Mwishowe alikubali ujaribiwe. Wilder pamoja na mtayarishaji aitwaye Flood wakausuka upya, na Gore akaombwa aongeze mchezo mfupi wa gitaa.

Ubishi huo ni somo zima la nadharia ya fasihi. Wanadamu wawili walikuwa wakijadiliana kuhusu uhusiano wa mwendo na maana, na kila mmoja alikuwa na haki. Suluhisho walilolipata si la nusu kwa nusu. Mdundo unakimbia, lakini sauti ya Gahan haiukimbilii. Anaimba kwa utulivu juu yake, kama mtu aliyesimama kando ya barabara kuu. Maneno ni machache, na kila yanapokoma lile gitaa linajibu kwa noti chache zinazobaki akilini kuliko sentensi yoyote. Hivyo ndivyo mtego ulivyotenguliwa: jambo ambalo wimbo unadai maneno hayawezi kulisema, wimbo unaiachia ala ilitamke. Video yake iliyoongozwa na Mholanzi Anton Corbijn inaendeleza wazo hilohilo. Gahan, akiwa amevaa taji na joho la kifalme, anatembea milimani na ufuoni akibeba kiti cha kukunja, akitafuta mahali pa kuketi. Mfalme huyo amejaliwa kila kitu isipokuwa ukimya. Wimbo ulifika nafasi ya 6 Uingereza na ya 8 Marekani, na mwaka 1991 ukatunukiwa tuzo ya Brit ya wimbo bora wa Uingereza.

Zipo pingamizi mbili ambazo haziwezi kukwepwa. Ya kwanza inatokana na wimbo "Personal Jesus" wa mwaka 1989. Mwaka 2002 Johnny Cash, mzee wa miaka 70 aliyekaribia mwisho wa maisha yake, aliuimba upya kwa gitaa la kawaida, bila vinanda vya elektroni, na wengi wakaupenda kuliko ule wa awali. Je, si ushahidi kwamba mashine ilikuwa pambo tu? La hasha. Katika wimbo wa awali mdundo ni mshindo wa watu wanaorukaruka juu ya masanduku ya kubebea ala, mzito na wa kujirudia, na anayejitolea kuwa mkombozi wa mwenziwe anasikika kama mchuuzi. Msikilizaji humwogopa kidogo. Kwa Cash, maneno yaleyale yanakuwa ungamo la muumini. Sauti ilipobadilika, nafsineni naye alibadilika. Hizo ni nyimbo mbili zilizoazimana maneno.

Pingamizi ya pili ni kwamba maneno ya Gore, yakiandikwa karatasini, ni mepesi: vina vya kawaida, msamiati wa kila siku, takriri nyingi. Ni kweli. Lakini kosa si la maneno, bali la karatasi. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa katika muhula wa kwanza kwamba utendaji ni sehemu ya utungo, kwamba toni, ala na hadhira si mapambo ya nje. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, apewapo wimbo wa kisasa auhakiki, huunakili katika daftari, huupigia mstari tashbihi na takriri, kisha huutolea hukumu. Asiyejua maana haambiwi maana. Na maana ya wimbo haimo yote katika mistari yake. Usahili wa Gore ni wa kukusudia kwa kiasi kikubwa: nafasi iliyoachwa na neno imeachwa ili sauti iingie.

Sasa turejee kwenye ufa uliotajwa mwanzoni. Wanaolinganisha kinanda cha mwaka 1983 na programu inayotunga wimbo leo wanalinganisha nyundo na nyumba. Emulator haikujua kwamba ulafi unafaa kuimbwa kwa upole. Haikuamua kwamba ombi la kuukimbia mji likalie mngurumo wa pikipiki. Haikubishana na Gore juu ya kasi ya ukimya. Kila mojawapo ya maamuzi hayo ilifanywa na mtu ambaye angeweza kukosea, na kama "People Are People" unavyoonyesha, wakati mwingine alikosea. Programu nayo inaweza kutumiwa kama nyundo, na mtunzi anayeitumia hivyo, akichagua, akikataa na kuuliza kila sauti kazi yake, hatakuwa na deni kwa yeyote. Lakini anayeiagiza imletee wimbo kamili kisha akaupachika jina lake hawezi kumwita Depeche Mode shahidi wake.

Wilder aliondoka kundini mwaka 1995, na Fletcher akaaga dunia mwaka 2022. Gahan na Gore walitoa albamu "Memento Mori" mwaka 2023, wakiwa wazee wa miaka sitini na ushei, bado wakiwa na vinanda vyao. Wanamuziki wa London waliopiga kura mwaka 1982 waliikosea shabaha walipotaka chombo kipigwe marufuku, ila swali lao lilikuwa sahihi: ni nani hasa anayefanya kazi humu ndani? Swali hilo halijapitwa na wakati. Mhakiki chipukizi wa nyimbo analihitaji zaidi ya orodha yoyote ya tamathali za usemi, na njia ya kulijibu ni kuusikiliza wimbo kwanza, hadi mwisho, kabla ya kuinua kalamu.